Dhoruba imepita, jua limetoka, na wenzangu wananiita mlimani

Barua za safari hii zote zimekuja na theluji. Anayejibu ni mama wa Marangu, fundi wa skii (zile mbao nyembamba za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji), mwenye majira 14 ya baridi Salt Lake City, Utah.

*Shikamoo mama. Nimezaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na huu ni mwaka wa saba niko Salt Lake City. Kazini niko zamu moja na vijana watatu wa hapa. Ndio walionifundisha skii, misimu mitatu sasa, kwenye viwanja vya kulipia vyenye lifti, na siku hizi nateremka bila kuanguka sana. Juma hili theluji imeanguka siku nne mfululizo, wanasema milimani imeingia zaidi ya mita moja. Jumamosi utabiri ni jua tupu. Wamenialika tutoke nje ya viwanja, tupande wenyewe kwa skii, tushuke kwenye theluji ambayo hajaigusa mtu. Wameshaniazima bikoni, kile kifaa cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji. Mke wangu hataki hata kulisikia jambo hili. Mimi natamani kwenda, na pia naogopa, na naona haya kusema naogopa, maana mweusi katika kundi ni mimi peke yangu na sitaki waseme Mwafrika kashindwa na baridi. Nifanyeje?*
*Baba wa Wawili, Salt Lake City*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo jua, maana naona ndilo linalokuvuta.

Kwetu mvua ikikatika watu wanatoka, nguo zinaanikwa, watoto wanakwenda kucheza. Mlimani mambo si hivyo. Siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba kubwa, mlima umebeba mzigo ambao haujauzoea, na unaweza kuuporomosha. Mita moja ya theluji kwa siku nne ni uzito mkubwa, na upepo unaongeza wa kwake: unaisomba theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa pili, kwa hiyo mteremko mmoja unaweza kuwa na mara mbili au tatu ya kile ulichochota mlangoni kwako kwa koleo.

Sasa, mzigo huo umekalia nini? Hapa Utah theluji ya mwanzo huanguka Oktoba au Novemba, haba tu, kisha zikafuata siku kavu na usiku wa baridi kali. Ardhi chini bado ina vuguvugu, hewa juu inagandisha, na mvuke unapanda katikati. Ile theluji laini inageuka punje kubwa zenye pembe zisizoshikana. Wenyeji wanaiita theluji ya sukari, na hawakukosea. Mara ya kwanza nilipochimba shimo hadi chini nikachota konzi moja, ikamwagika kati ya vidole vya glavu kama sukari inavyomwagika kwenye mizani ya duka. Nilijaribu kuifinya iwe donge. Haikubali. Ukirundika mita moja ya theluji nzito juu ya tabaka hilo, ni kama umelaza mlango juu ya gololi, na mlango wenyewe uko kwenye paa. Unakaa kimya mpaka mtu aukanyage. Kwenye ajali nyingi za namna hii, anayelifyatua poromoko la theluji ni aliyesombwa mwenyewe au mwenzake waliyekuja naye.

Kwenye viwanja vyenye lifti hukuwahi kulifikiria hili kwa sababu kuna watu wanaamka usiku kulifikiria kwa niaba yako. Kabla lifti hazijafunguliwa, walinzi wa mlima wameshalipua miteremko kwa baruti ili kilichotaka kuanguka kianguke wewe ukiwa bado unakunywa chai. Barabara ya Little Cottonwood, ile ya kwenda kiwanja cha skii cha Alta, kwa miongo mingi ililindwa kwa mizinga ya kijeshi, mizinga kweli, ikipiga mlima. Huko wanakokuita Jumamosi hakuna aliyepiga chochote.

Nikueleze la kwangu. Ilikuwa Februari, tuko watano, kwenye korongo moja mashariki ya mji. Tulikuwa bado tambarare, mteremko hatujaufikia. Chini ya miguu yangu kukasikika *wumf*, kama gunia la mahindi limedondoshwa kwenye dari ya mbao na wewe umelala chini yake. Theluji yote pale ikashuka labda sentimita mbili. Nilihisi tumboni, kama lifti inapoanza kwenda chini. Ufa mwembamba ukatoka kwenye ncha ya skii yangu, ukakimbia hadi kwenye miti. Wawili wakacheka. Kiongozi wetu, mtu aliyepanda pale miaka ishirini, akasema hakuna neno, tubane upande wa miti tu. Mimi nilikuwa nimesoma, nilijua mlio ule maana yake nini. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu hiyohiyo uliyoiandika wewe, tena mimi nilikuwa mwanamke peke yangu juu ya kuwa mweusi peke yangu.

Dakika kumi baadaye ule mteremko wa kushoto, ambao hakuna aliyeukanyaga, ulikatika juu kwa juu. Sisi tuliokuwa chini ndio tuliouvuta, maana ile theluji ya sukari ikivunjika mahali pamoja mvunjiko unasafiri. Ulimbeba aliyetangulia na kumzika hadi kifuani. Kichwa kilibaki nje, na ndiyo sababu mpaka leo ananiletea skii zake nizipake nta. Lakini sikiliza: kumtoa mtu ambaye tunamwona, tunaongea naye, watu wanne kwa makoleo matatu, tulitumia karibu nusu saa. Theluji ikishaporomoka na kusimama inakuwa kama zege.

Ndiyo maana hiyo bikoni uliyoazimwa haijanituliza roho. Bikoni haizuii kitu. Inarusha mawimbi ili ukizikwa wenzako wapajue ulipo, na wao wakizikwa uwatafute wewe. Aliyefunikwa kabisa ana dakika kumi, kumi na tano hivi. Baada ya hapo matumaini yanashuka upesi mno, na helikopta haiwahi. Waokoaji wako ni hao vijana watatu, na mwokoaji wao ni wewe. Wamewahi kukifukia kifaa kimoja kwenye bustani ya mtu wakakuambia kitafute, saa inahesabu? Una ile fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, kama bambo la kuchungulia mchele ndani ya gunia? Una koleo la chuma mgongoni? Kama hakuna, basi umeazimwa theluthi moja ya kitu. Na simu usiiweke mfuko wa kifuani jirani na bikoni. Angalau sentimita 20 kati yake, na 50 wakati wa kutafuta, kwa sababu simu inaivuruga. Weka mfuko wa paja.

Kuna pia wale wa vifaa vyote. Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2021, hapa hapa kwetu, upande wa Millcreek, makundi mawili yasiyohusiana yalikuwa kwenye mteremko mmoja. Wote pamoja walikuwa wanane, na poromoko likawasomba wengi wao. Wanne wakafa. Waliobaki hai walichimba mpaka wakawafukua wawili wazima. Hawakuwa wageni wa mlima, na asubuhi ile tangazo la hatari lilikuwa limesomeka.

Hilo tangazo ndilo unaloanza nalo Jumamosi kabla ya kuvaa soksi. Utah Avalanche Center, kituo cha hapa cha kutabiri maporomoko, hulitoa kila asubuhi wakati wa baridi, bure, kwa ngazi tano. Ngazi ya nne na ya tano kila mtu anaziogopa. Inayonisumbua mimi ni ya tatu, kwa sababu iko katikati na mtu anaisoma kama alama ya wastani ya mtihani, kumbe katika ngazi hiyo ndimo watu wengi wanamokufa. Usiishie kwenye rangi ya ngazi. Soma maneno: miteremko inayotazama wapi, mwinuko gani, tatizo ni theluji mpya, upepo, au tabaka la chini.

Halafu pima mteremko. Maporomoko mengi hutokea kwenye miinuko ya digrii 30 hadi 45, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo mitamu kwa skii. Chini ya 30, mradi hakuna mwinuko mkali zaidi unaoning'inia juu yako, hatari inapungua sana. Programu ya kupima pembe ipo kwenye simu. Laza fimbo yako juu ya theluji, weka simu juu yake, soma. Wenzako wakikubali kukaa kwenye miteremko ya digrii 25 kutwa nzima, na mkafanya mazoezi ya bikoni Ijumaa jioni, basi nenda. Ndiyo, nimesema nenda, na mkeo anisamehe. Zile ngozi za nailoni unazobandika chini ya skii (zamani zilikuwa ngozi za sili kweli) zinakuwezesha kupanda bila kurudi nyuma, msitu umenyamaza, unasikia pumzi yako tu na mkwaruzo wa skii. Na theluji mpya kwenye digrii 25 ni tamu kuliko ya uwanjani kwenye 35, asikudanganye mtu.

Kuhusu haya. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alikimbia kilomita 10 za skii za nyika na akamaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyekwishachukua dhahabu, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Sijawahi kukutana na mtu wa skii anayesimulia kisa hicho kwa kumcheka Boit.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla hamjapanga gari, waambie: "Mimi kesho sipandi chochote cha kuzidi digrii 30." Usiongeze neno. Ukianza kujieleza watakujadili, na wewe ni mpole, nimeona kwenye barua yako. Mmoja akikwambia tutaona tukifika, huyo si wa kwenda naye. Kufika kwenyewe ndiko kunakoharibu: umepanda kwa muda wa saa tatu, theluji inameremeta mbele yako, na kundi jingine linakuja nyuma kuwahi.

Mkeo mpeleke naye kwenye darasa la maporomoko. Yapo ya bure, ya saa moja tu. Akishaelewa huenda akawa ndiye anayekusomea tangazo asubuhi, na kwa sauti yake hutatoka ngazi ya nne.

*Mama, naishi Bergen, kwetu Tanga. Familia ya mchumba wangu Pasaka huenda kwenye kibanda chao mlimani na wanasema tutatembea kwa skii kilomita 15 kwa siku. Nimesikia habari za maporomoko. Niogope?*
*Mchumba wa Mnorwe*

Binti yangu, ogopa jua kwanza. Theluji inalirudisha kutoka chini, na weusi wetu hautoshi kulizuia: mimi nilibabuka chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, mahali ambapo sikujua mtu anaweza kubabuka. Paka mafuta huko, na miwani ya jua usiivue.

Kutembea kwa skii nyikani ni tofauti na kushuka milima mikali, lakini njia inaweza kupita chini ya mlima mkali, kwa hiyo waombe wakuonyeshe tangazo la siku hiyo la Varsom, huduma ya Norwe ya kutabiri maporomoko. Wanorwe wana kanuni zao za mlimani wanazozikariri tangu utotoni, na mojawapo inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Watakupa chokoleti inaitwa Kvikk Lunsj. Fungua karatasi yake taratibu, kanuni zimechapwa kwa ndani. Siku ukichoka, wasomee hiyo ya kugeuka. Baba wa Wawili naye nitampelekea karatasi moja.

*Naweza kuvaa jinzi?*
*Kijana, Denver*

Hapana. Pamba ikilowa inakaa mwilini kama kitambaa cha kushushia homa. Tafuta sufu, hata sweta la mtumba la bibi wa Kizungu, uvae ndani, na juu kitu kisichopitisha maji. Beba glavu jozi mbili. Ile ya pili isikae kwenye mkoba. Iweke ndani ya koti, tumboni, iwe na joto utakapoihitaji.