Re: Niko mwaka wa kwanza, niingie kampeni za DARUSO?
Mdogo wangu, umeuliza kama mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unaweza kuingia timu ya kampeni za DARUSO, yaani serikali ya wanafunzi, bila kuharibu masomo. Ingia, ila chagua mgombea kwa hoja. Kabla hujamnadi, muulize bumu, ile pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, likichelewa atafanya nini. Akikujibu kwa nyimbo na vigelegele tu, achana naye.

Kazi yenyewe iko vyumbani: jioni Mabibo hosteli, huyu anafua, yule kajilaza na simu, unabisha hodi, unasikiliza kero zao kwanza. Pesa za kununua kura usiziguse, hata ukitumwa. Kanuni za uchaguzi zisome mwenyewe, wapambe wengi hawazijui kabisa. Mitihani ikikaribia, aga timu mapema.