Barua kwa mwanangu: hayo mafuta ya Jumapili

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea babako kwa sauti, akacheka mpaka akavua miwani. Unasema kila Jumapili jioni wewe na mwenzio mnaingia kwenye hicho kigari chenu cha IST, mnazunguka mjini, mnakula mihogo ufukweni Coco, usiku mnarudi Kimara. Sasa mkwe wangu ameanza kusema huko ni kuchoma mafuta bure, na kiwanja cha Bunju hakina hata tofali. Ukauliza, sisi enzi zetu tulijizuiaje?

Hatukujizuia. Ndicho kilichomchekesha babako.

Tulioana mwaka 1991, tukapanga chumba Temeke, nyumba ya vyumba sita na korido katikati. Wewe hukuijua nyumba ile, ulizaliwa tumeshahama. Haikuwa na dari. Ukuta wa chumba uliishia njiani, juu yake hewa ni ya wote, kwa hiyo wa chumba cha uani akipiga chafya, wa chumba cha barazani anamwambia afya. Na mimi ni bibi harusi wa miezi mitatu! Tulinong'ona hata habari za chumvi kuisha. Tukigombana tuligombana kwa macho, na babako macho yake unayajua, hayana ugomvi, basi nikawa nagombana peke yangu.

Alikuwa na Vespa aliyoiuziwa na mtu wa kazini, rangi yake kama maziwa yaliyoungulia sufuriani. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Jumapili tukishakula mchana, naosha vyombo haraka haraka, najifunga kanga fundo mbili isije ikanaswa na tairi, nakaa upande, tunatoka. Kilwa Road, Bendera Tatu, Stesheni, mpaka Feri. Majirani walituuliza, mnakwenda wapi kila wiki? Kigamboni. Kuna nini Kigamboni? Hakuna kitu. Na kweli hapakuwa na kitu, siku zile ni minazi, mchanga na mama mmoja mwenye samaki wa kukaanga. Walituona tuna dharau, nadhani. Au tuna pesa, maana petroli ile ilitoka kwenye hela ya mboga. Jumatatu mpaka Jumatano tulikuwa tunakula mchicha.

Nikueleze kitu ambacho sijawahi kukueleza. Mwaka 1993 watu walikuwa wanapunguzwa makazini kila mahali, na siku moja zamu ikamfikia babako. Aliipata barua Jumanne. Sikujua. Alikaa nayo mfukoni Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, anavaa, anatoka, anarudi saa kumi kama kawaida. Angeniambia wapi? Chumbani? Nyumba nzima ingejua kabla mimi sijamaliza kulia. Jumapili tukaingia kwenye pantoni, tukasimama ukingoni. Vespa ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Akatoa leso akaanza kupangusa kiti. Akapangusa, akakunja leso, akapangusa tena pale pale palipokwisha kukauka, huku anatazama Magogoni tulikotoka. Akasema, "Wameniacha." Injini ya pantoni inanguruma, watu na baiskeli na matenga ya nyanya, hakuna aliyesikia ila mimi. Nilishika ule mkono wenye leso. Tulipofika ng'ambo hatukushuka, tukarudi na pantoni ile ile.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mafuta yale yalikuwa ya bure, mama, mimi nitakujibu nini?

Sasa tazama nyumbani kwako. Sebuleni analala shemejio. Chumba cha pili yuko mama mkubwa wa mumeo aliyekuja kutibiwa, na dada wa kazi. Sisemi uwafukuze, hao ni watu wenu na wana haki ya kuwa hapo. Nasema dari mnayo, lakini faragha hamna, mko Temeke yangu ile ile. Hicho kigari ndicho chumba chenu chenye mlango.

Ila usichanganye gari la Jumapili na gari la asubuhi. Uliandika kwamba mnagombana sana humo. Saa ngapi? Nimekuhesabia: mnatoka Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ubungo pamejaa, mvua ikinyesha Jangwani pamefungwa, wewe unachelewa kazini, yeye anabanwa na mkojo. Hapo ni foleni, hapazungumzwi ada wala kiwanja wala mama mkwe. Hapo fungueni redio mnyamaze. Hata siku moja moja panda basi la mwendokasi umwache na foleni yake, mtatamaniana.

Kuhusu kiwanja, mumeo hajakosea kuhesabu. Hesabuni wote wawili, kwenye karatasi. Bei mpya ya mafuta EWURA wanaitoa Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi jioni hiyo kaeni mpange. Kimara mpaka Coco na kurudi, kwa kigari kile, lita nne zinatosha na kubaki. Mihogo ya pilipili na ukwaju na dafu moja la watu wawili haviwezi kuwa ndivyo vinavyozuia msingi usichimbwe. Bagamoyo ni habari nyingine, hiyo ni kama kilomita 130 kwenda na kurudi, msiende kila mara. Lakini mkienda piteni kwenye magofu ya Kaole, halafu pale Misheni muuone mbuyu uliomeza mnyororo, kimebaki kipande kidogo tu kinachungulia kwenye gome. Babako aliusimamia muda mrefu, akasema huo ni mkopo wa Saccos.

Na Kigamboni mwende kwa Daraja la Nyerere mrudi kwa pantoni. Daraja limefunguliwa mwaka 2016 na ni zuri, sikatai, lakini darajani huwezi kusimama ukamtazama mtu.

Kuna jambo moja ulilipitia haraka kwenye ujumbe, mimi nikaliona. Umesema hesabu za mafuta ameanza "siku hizi". Mwanamume aliyekuwa anajaza tenki anaimba, akianza ghafla kuhesabu lita, mara nyingi kuna kingine anachokihesabu. Labda sivyo. Muulize, lakini usimuulize mezani wala kitandani. Muulize Jumapili akiwa ameshika usukani, wewe tazama baharini. Asipojibu, usirudie. Wiki ijayo mtatoka tena.

Niliyoyakosea mimi ni haya. Mwaka 1998 tulinunua pikapu chakavu, tukaona tumefika. Kumbe gari la mtu mwenye ndugu si lake. Pikapu ile imebeba mbao za shangazi, mahari ya binamu, jeneza kutoka Kibaha, magunia ya mkaa ambayo mpaka leo sijui yalikuwa ya nani. Kila tukiiwasha, kuna mtu barazani: "Mnapitia Buguruni?" Nilikuwa naona aibu kukataa, nikasema ndiyo miaka tisa. Miaka tisa mimi na babako hatukukaa peke yetu kwenye gari letu wenyewe, na ugomvi wetu mkubwa, ule unaoukumbuka ulipokuwa mdogo ukalala kwa jirani, ni wa miaka hiyo. Vespa tulikuwa tumeshaiuza. Kiti chake kimoja kilitosha watu wawili tu, na hakuna aliyeomba lifti.

Basi mtu akikuuliza Jumapili mnapitia wapi, sema hatupiti popote. Mama mkubwa mpeleke kliniki Jumatatu kwa moyo wote. Jumapili hapana.

Mwisho, hiyo treni. Tangu Juni 2024 inakuja huku Morogoro, nauli ya kawaida shilingi 13,000, mnafika haraka kuliko foleni ya kutoka Posta kwenda Tegeta siku ya Ijumaa. Liacheni gari nyumbani mje siku moja. Pandeni mlimani mpaka mtoni, mnunue ndizi sokoni, mkae. Msinipigie simu. Mkinipigia nitapika, na nikipika babako atawaita wazee wa hapa waje wamwone mkwe, na dada yako mdogo atataka mumpe lifti ya tiketi kurudi Dar. Nipigieni mkishakaa kwenye behewa la jioni, mniambie tu mlikuwa hapa.

Babako anasema mumeo apime upepo kwenye tairi la nyuma kushoto, aliliona limelala mlipokuja Pasaka.

Ni mimi mama yako.