Vidoa Vyeupe Kichwani: Usikimbilie Dawa ya Minyoo

Msomaji ameuliza: "Picha ya CT imeonyesha vidoa vyeupe kwenye ubongo. Daktari kaniambia ni tegu, lakini kanipa dawa ya kifafa tu. Ya minyoo ninunue mwenyewe?"

Usinunue. Huenda daktari wako yuko sahihi kabisa. Vidoa hivyo kwa kawaida ni lava (wachanga) wa tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo bapa, waliokwisha kufa na kugeuka chokaa, na mdudu aliyekufa hauawi mara ya pili. Kilichobaki ni kovu linaloamsha kifafa, basi kinatibiwa kifafa.

Kifuko chenye maji, ambamo lava huenda bado yu hai, ni habari nyingine. Hapo omba MRI (picha ya sumaku), maana ndiyo huonyesha vizuri kichwa cha lava kama nukta ndani ya kifuko, na ndiyo hunasa vifuko vilivyojificha kwenye vyumba vya maji vya ubongo. Kipimo cha damu kikiwa hasi usishangilie mapema: mwenye kifuko kimoja tu mara nyingi haonyeshi kitu.

Kifuko hai kimoja au viwili ndani ya ubongo wenyewe hutibiwa kwa dawa ya minyoo iitwayo albendazoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara mbili, zisizidi 1,200, kwa siku 10 hadi 14. Mtu wa kilo 60 ni kama 900 kwa siku, kwa hiyo kile kidonge kimoja cha 400 cha minyoo ya tumbo hakifui dafu. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo dawa nyingi haiingii mwilini. Vifuko vikizidi viwili huongezwa dawa nyingine ya minyoo, prazikwanteli, miligramu 50 kwa kilo kwa siku. Mwambie daktari kama unatumia dawa za kifafa fenitoini au kabamazepini, kwani hushusha nguvu ya prazikwanteli.

Wengi huharibikiwa kwenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo lazima itangulie dawa ya minyoo. Lava akianza kufa, kinga ya mwili humvamia, ubongo unaomzunguka huvimba, na mgonjwa huanguka kifafa kibaya kuliko cha awali. Ndipo husema dawa imemdhuru. Kabla ya kuanza, macho yachunguzwe, maana kifuko kilicho ndani ya jicho kikifa kinaweza kupofusha. Kifua kikuu kilicholala nacho kitafutwe, kwa kuwa steroidi hukiamsha. Ubongo ukiwa umevimba wote, au maji yamejaa kichwani, dawa ya minyoo husubiri: uvimbe hutulizwa kwa steroidi, maji huondolewa kwa upasuaji.

MRI hurudiwa kila miezi 6 mpaka vifuko vipotee. Dawa ya kifafa usiiache kwa sababu tu umepata nafuu.

Na tuache kulaumu nyama. Nyama mbichi ya nguruwe humpa mtu tegu wa tumboni. Lava wa ubongoni hutokana na kumeza mayai yaliyomo kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu huyo. Asiyegusa nguruwe maishani naye huugua. Kwa hiyo wote mnaoishi nyumba moja mpimwe choo, mkianza na anayepika.