AS/400 kwa mlioanza juzi: msikariri komandi, angalieni zinavyotungwa

Wadogo zangu mlioingia kazini juzi mkakuta ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani ya AS/400, kompyuta ya IBM ya kuendeshea kazi za kampuni, najua mna daftari mmejaza komandi kibao na kila mkitaka kitu mnalifungua. Mimi nilikaa nalo miezi mingi, likanichelewesha sana.

Ukweli ni kwamba komandi za hii mashine zinatungwa kama sentensi fupi ya kuamrisha, kitendo kinatangulia kitu kinafuata, na kila neno limekatwa mara nyingi herufi tatu. DSP ni onyesha, WRK ni shughulika na, CRT tengeneza, CHG badilisha, DLT futa. Halafu unabandika kitu chenyewe, USRPRF ni profaili ya mtumiaji, SPLF ni kile kinachosubiri kuprintiwa. Ukishaijua DSPUSRPRF basi CHGUSRPRF nani akufundishe tena? IBM waliurithisha mpangilio huu toka System/38, mashine yao ya kabla ya hii, AS/400 ikatoka nao mwaka 1988, na leo mfumo unaitwa IBM i lakini komandi ni zilezile, kwahiyo mkijifunza vizuri hampotezi muda.

Na vipengele vya ndani usivikariri kabisa. Andika jina la komandi kisha bonyeza F4, itakufungulia fomu ujaze, hujui sehemu fulani weka kasa (kile kialama kinachopepesa) hapo bonyeza F1 ikuelezee. F9 inarudisha komandi uliyotoka kuiandika. Umesahau jina? Andika DSP* piga enta, zinakuja zote zinazoanza hivyo.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri maana iliniumiza mimi. Laibrari, yaani chombo ambamo mafaili yanawekwa. Ukitaja faili bila kutaja laibrari yake, mashine inapita kwenye orodha yako ya laibrari toka juu kwenda chini na inachukua faili la kwanza lenye jina hilo, basi. Siku moja nilitaka kusafisha faili la majaribio nikaandika CLRPFM, komandi ya kufuta data zote zilizomo kwenye faili, na jina la faili tu, kumbe kwenye orodha yangu laibrari ya kazi halisi ilikuwa juu ya ile ya majaribio. CLRPFM haikuulizi una uhakika au la. Enta moja, ankara zote hazipo. Tukarudisha za usiku uliopita kutoka kwenye tepu, lakini za siku ile wenzangu wa uhasibu walikaa hadi usiku wanaziingiza upya kwa mkono kutoka kwenye makaratasi, na sura zao nazikumbuka mpaka leo. Toka hapo kwenye chochote kinachofuta au kubadilisha naandika laibrari, mkwaju (/), kisha faili, hata kama nina haraka vipi, na kabla ya hapo napiga DSPLIBL nione orodha imekaaje. Sekunde tano tu hizo.

Kitu kingine, mtu anapiga simu anasema programu yake imeganda. Msikimbilie kuiua! Nenda WRKACTJOB, orodha ya kazi zinazoendelea kwenye mashine, tafuta kazi yake uangalie hali yake. Ukiona MSGW maana yake haijaganda, imeuliza swali inasubiri jibu, weka 7 mbele yake usome ujumbe, na ukibonyeza F1 juu ya ujumbe unapata chanzo na namna ya kurekebisha, watu wengi hawafiki hapo wanajibu C tu kwa mazoea na C ni kukatisha, kazi ya kufunga mwezi ikikatishwa katikati hesabu zinabaki nusu zimeingia nusu hazijaingia. Ukiona LCKW inasubiri kufuli, mara nyingi kuna mwenzake kafungua rekodi ileile akaondoka mezani, DSPRCDLCK itakuonyesha ni nani, mwambie atoke na yule wa kwanza ataendelea mwenyewe bila wewe kugusa kitu.

Ikibidi kweli kuimaliza, ENDJOB ya kawaida inaipa kazi sekunde 30 ijifunge vizuri. *IMMED, yaani kuimaliza papo hapo, iwe baada ya hiyo kushindikana.

Na mkiwa bado mnajifunza msiombe kuingia na QSECOFR, profaili ya msimamizi mkuu yenye ruhusa zote, hata mkipewa kirahisi. Ombeni profaili yenye ruhusa chache, ukipiga komandi isiyokuhusu mashine inakukatalia palepale, unamuuliza aliyekutangulia unaendelea na kazi.