Kujiandaa na safari ya Mtwara hadi Masasi kwa baiskeli wakati mikorosho inadai salfa

Salfa, dawa ya unga ya kuikinga mikorosho na ukungu, hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Mwendesha baiskeli naye anaitaka saa hiyohiyo, barabara ikiwa tupu na jua halijapanda. Mkulima wa korosho anayejiandaa kwa safari ndefu ya hisani anaanza na mgongano huo, na ratiba za mazoezi zinazosambazwa kwenye simu hazimsaidii, maana zimeandikwa kwa mtu anayeshinda ofisini. Zinakwambia Jumatatu pumzika. Jumatatu ya mwezi wa saba una mashine ya kupulizia mgongoni.

Mimi nalima Tandahimba. Safari yetu ilianzia Mtwara mjini ikaishia Masasi kwa kupitia Mnazi Mmoja, takribani kilomita 200, siku mbili, tukichangisha fedha za tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye zahanati. Anayeujua uwanda wa Makonde hatauliza kwa nini tulichagua maji. Huku juu hakuna mito, mchanga unaimeza mvua yote, na mama anayekwenda kujifungua kuambiwa aje na ndoo yake ni jambo linaloniuma mpaka leo. Kwa hiyo ninapowashauri wakulima wenzangu wajiandae vizuri, sizungumzii mchezo. Ukiishia njiani kwa sababu magoti yamegoma, waliokuahidi mchango watasita mwaka unaofuata.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote: kazi ya shamba iingie kwenye hesabu ya mazoezi. Siku uliyofyeka au kupalilia tangu asubuhi hadi adhuhuri si siku ya mapumziko, hata kama baiskeli hukuigusa. Mwili hautofautishi uchovu wa jembe na uchovu wa pedeli. Wapo vijana wenye nguvu kabisa wanaolima mchana, jioni wananyonga kilomita 40, na baada ya wiki chache wanaanza kuumwa hovyo, usingizi unapotea, hamu ya chakula inakwisha. Hapo watu husema ni malaria. Kweli, kapime, malaria kwetu ipo. Lakini kipimo kikionyesha huna, punguza mzigo, usiongeze dawa za maumivu.

Hata hivyo jembe peke yake halitoshi. Linakupa mgongo na mabega imara, ila halikufundishi kukaa juu ya kiti cha baiskeli saa sita mfululizo, wala kupumua kwa mpangilio kwenye mlima mrefu. Hayo yanapatikana kwa kunyonga tu. Nafasi yake ipo ukiifuata kalenda ya mkorosho badala ya kuhesabu wiki kama wanavyohesabu wengine.

Masika yakikatika, mwezi wa tano, anza taratibu. Safari zako za kawaida zigeuze mazoezi: kwenda chama cha msingi cha ushirika tunakouzia korosho, kwenda gulioni, kupeleka mahindi mashineni, zote kwa baiskeli, hata kama bodaboda ingekufikisha upesi. Wiki ya kwanza kilomita 20 kwa siku zinatosha. Ramadhani ikiangukia kipindi chako cha mazoezi, nyonga kidogo baada ya futari au acha kabisa. Mwezi mmoja wa utulivu haukuharibii kitu kama miezi mingine umeitumia vizuri.

Kuanzia mwezi wa sita ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, unaingia kwenye majani machanga na maua, na hapo salfa ndiyo bwana. Usiibie mikorosho kwa ajili ya baiskeli, maana mavuno ndiyo yatakayolipa hata hizo ahadi za michango. Bahati nzuri, kati ya mpulizo mmoja na mwingine kuna wiki mbili hadi tatu. Humo katikati ndimo mwa kuweka safari zako ndefu. Siku ya salfa yenyewe usinyonge hata kidogo. Vumbi lile linawasha macho na koo, na kifua kilichokwisha kuvuta salfa hakifai kuvutishwa pumzi za nguvu jioni yake. Vaa barakoa, funga kitambaa kichwani, oga vizuri, kunywa maji, lala. Kesho yake kilomita chache za polepole za kulegeza miguu. Safari ndefu iwe siku mbili au tatu baadaye, na kila mara uiongeze kidogo: 40, 55, 70, hadi ufike 90 au 100 kwa siku moja. Ukiimudu hiyo bila kuvunjika moyo, na kesho yake ukaweza kunyonga tena walau 40, Masasi utafika.

Safari tuliiweka mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Salfa imekwisha, korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi, mvua bado iko mbali. Nawashauri wote wa ukanda huu wachague hapohapo. Mwezi wa kumi ukiingia hakuna mkulima atakayeacha kuokota akupigie makofi barabarani, na hana kosa.

Kuhusu upepo: kusi huvuma kwa nguvu miezi hiyohiyo ya mazoezi. Ukitoka Mtwara kupitia Mikindani unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kusi anakusukuma na unajiona hodari. Ukipinda Mnazi Mmoja kuelekea Mtama, Nyangao na Ndanda, anakupiga ubavuni upande wa kushoto, na saa nane mchana anachosha kuliko mlima. Fanyeni mazoezi ya kwenda kwa mstari, mmoja anakata upepo mbele kwa dakika chache kisha anarudi nyuma, mwingine anashika. Watu wasiozoeana wakijaribu hivyo siku ya safari yenyewe wanagongana magurudumu.

Na malori. Barabara hiyo inapita malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, na lori likikupita kwa kasi upepo wake unakuvuta ndani. Vaa kizibao kinachong'aa, shika usukani kwa mikono miwili, na ukiona malori mawili yanapishana mbele yako, teremka ukae kando. Kupoteza dakika moja si aibu.

Baiskeli haihitaji kuwa ya gharama. Tulikuwa na mtu aliyekwenda kwa Phoenix ya kawaida isiyo na gia, akafika. Kinachohitajika ni ikae sawa na mwili wako. Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kuinama upande. Kiti kikiwa chini, magoti ndiyo yanayolipa, na nadhani hilo ndilo linalowatesa waendeshaji wengi vijijini, maana baiskeli ya nyumbani hutumiwa na watu watatu wa vimo tofauti. Mchanga wetu unakula cheni; ipanguse kwa kitambaa na kuitia oili kila baada ya safari ndefu. Jifunze mwenyewe kutoa tairi, kuziba pancha na kukaza sipoku kabla fundi hajawa mbali nawe. Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni, pampu na spana. Kwa michubuko ya mapajani, kaptula ya kubana isiyo na mshono katikati na mafuta ya mgando vinatosha.

Chakula cha nyumbani kinatosha pia. Usiku wa kuamkia safari ndefu kula ugali au mihogo ya kushiba na mbaazi au samaki. Asubuhi uji mzito wenye karanga za kusaga. Njiani ndizi, viazi vya kuchemsha, korosho za kukaanga, kidogokidogo kabla njaa haijabisha. Maji matupu kwa saa nyingi hayafai. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, hiyo inakurudishia unachotoa kwa jasho. Pima kwa uangalifu, chumvi ikizidi inadhuru. Madafu mkiyapata njiani, simameni mnywe.

Wiki ya mwisho punguza kila kitu, na hapa namaanisha jembe pia. Zungumza na mama watoto au ndugu mapema, kazi nzito za siku hizo zishikwe na wengine, nawe uwalipe kwa kazi ukirudi. Familia isiyoshirikishwa huiona safari ya hisani kuwa ni ukwepaji.

Nimalizie na michango, kwa kuwa ndiyo sababu ya jasho lote. Mwezi wa nane na wa tisa mkulima wa kusini hana fedha mkononi. Fedha inakuja baada ya minada ya korosho. Msimlazimishe kutoa wakati ule. Fungueni daftari la ahadi, na anayetaka aahidi kilo za korosho: kilo mbili, kilo tano. Akilipwa na chama cha msingi anatoa thamani ya kilo zake. Tulishangaa jinsi wazee walivyoupenda utaratibu huo, maana uliwapa nafasi hata wasio na shilingi siku tuliyopita. Kabla ya yote pateni barua ya serikali ya kijiji, mweka hazina asiwe mmoja wa waendesha baiskeli, kila anayetoa apewe risiti, na daftari lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, jina na kiasi, kabla fundi wa tangi hajalipwa senti moja.