Wazee wa kriketi: wanashindana kweli au ni maonyesho?

SWALI: Mzee shikamoo. Niko Malindi, mitaa ya Shella, namsaidia ami yangu dukani. Tangu ile Ramadhani ya 2025 ami akili zake ziko kwa kriketi ya wastaafu, siku ya fainali ya timu ya Tendulkar wa India na ya Lara wa West Indies wateja wanasimama mlangoni wanauliza bei za vitambaa yeye macho kwa TV, anasema "ngoja ova iishe", yaani ile mipira sita ya mrushaji mmoja. Mi naona vitambi tu na watu wanatembea pale pa kukimbia. Sasa hawa wanashindana kweli ama wanakula pesa za bure? Na Kenya mbona haimo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ami yako msamehe, ile fainali ilikuwa Raipur tarehe 16 Machi, saa moja unusu usiku kwao ni saa kumi na moja jioni kwetu, yaani mapumziko ya katikati yanaangukia karibu na futari kabisa, ratiba gani tena itamfaa mtu wa Malindi kama hiyo? India wakashinda kwa wiketi 6, yaani walifikisha mbio (ndizo pointi za kriketi) wakiwa wamebakiza nafasi 6 za wapigaji kutolewa.

Vitambi vipo, sikatai. Lakini wewe unatazama miguu, na miguu ndiyo inayozeeka mwanzo. Tazama mikono. Virender Sehwag, mpigaji wa zamani wa India, Machi 2021, hapo hapo Raipur, timu ya wastaafu wa Bangladesh imetolewa yote kwa mbio 109, yeye akaingia na Tendulkar wakamaliza kazi wawili tu bila hata wiketi moja kuanguka, Sehwag peke yake mbio 80 kwa mipira 35. Hakukimbia sana kwa sababu hakuwa na haja, mpira ukivuka kamba ya mpaka wa uwanja unapewa mbio zako bila kukimbia, sasa unakimbilia nini? Ndo maana unaona wanatembea.

Halafu ile fainali ya mashindano mengine ya wastaafu, ya Birmingham kule Uingereza, Agosti 2025. Pakistan waliweka 195, hizo si mbio za mchezo kwa ova 20, basi AB de Villiers ana miaka 41 akapiga 120 kwa mipira 60 na hakutolewa, Afrika Kusini wakashinda wiketi 9 na mipira ikabaki. Maonyesho hayaendi hivyo bwana. Kinachopungua ni kudaka na kurusha, warushaji waliokuwa wakali wa spidi wanafupisha hatua za kukimbia kabla ya kurusha na mpira unafika polepole, kwa hiyo wapigaji wanafaidi, hapo una haki kidogo ya kulalamika. Na hesabu zake haziingii kwenye rekodi rasmi za kimataifa.

Kenya haimo kwa sababu mashindano hayo mawili, la Raipur na la Birmingham, yana timu sita sita na waandaaji wanachukua nchi zenye majina ya kuuza tiketi. Mi linaniudhi. Huyo Lara anayeshangiliwa, Kombe la Dunia 1996 kule Pune, India, Rajab Ali wa Kenya alimtoa kwa mbio 8 tu, Tariq Iqbal akadaka nyuma ya vijiti, West Indies nzima ikaisha 93! Na ukitaka mstaafu hasa mwambie ami akusimulie Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa hapo chini, alikuwa ashaacha akarudishwa kwa Kombe la Dunia 2003 ana miaka 39, akawarushia Australia ova 8 na mipira miwili wakapata mbio 7 tu kwake, na akawatoa wapigaji 3, mmoja wao nahodha wao Ponting. Australia hiyo ndiyo iliyobeba kombe.

SWALI: Nusu fainali ya India na Pakistan huko Birmingham 2025 iliota mbawa kwa nini? Tulikuwa tushapanga viti. – Msomaji, Barani

JIBU: Wachezaji wa India walikataa kushuka uwanjani, ni baada ya shambulio la Pahalgam la Aprili mwaka huo, lililoua watalii huko Kashmir na India ikailaumu Pakistan, na mechi yao ya makundi nayo walikuwa washaikataa. Pakistan wakapita fainali bila kugusa mpira. Poleni na viti. Mwaka 2024 hao hao walikutana fainali, hapo hapo Birmingham, na India ya Yuvraj Singh ikashinda kwa wiketi 5, hiyo ikirudiwa kwa TV msiikose, iliisha ova ya mwisho.