Walipokwisha kula

Wiki iliyopita mliuliza wasomaji: ni neno gani la Maandiko lililokurudisha ulipokuwa umepoa kiimani? Wengi watawaletea Zaburi ya 23, na ni haki yake. Langu ni maneno mawili tu, yamo katika Yohana 21:15: “walipokwisha kula”.

Mimi ni Mlutheri, nakaanga samaki pale Deep Sea, Tanga. Asubuhi nanunua mnadani vibua au changu wadogo, kutegemea bahari imetoa nini, na ikifika saa nne karai liko motoni. Kwa miaka minne sikukanyaga kanisani wala jumuiyani, kwa majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Nilikuwa na aibu.

Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Tulikuwa na kisanduku cha msiba, kila kaya ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanangu wa pili alipolazwa nilitoa humo shilingi 180,000, nikijiambia nitazirudisha kabla hakijafunguliwa. Upepo wa kusi ukakaza mwaka ule, vyombo vikarudi vitupu wiki nenda wiki rudi, na asiye na samaki hana cha kukaanga. Kisha mwenzetu akafiwa na mumewe, kisanduku kikafunguliwa, hela iliyokutwa haikufika hata nusu ya jeneza. Mwenyekiti akaniuliza. Nikasema ufunguo hushikwa na wengi. Akauliza tena, nikasema, “Si mimi.” Mle ndani kila mtu alijua, na mimi nilijua kwamba wanajua, na bado nilisema.

Fedha nilirudisha. Miezi mitano baadaye niliiweka kwenye bahasha, nikaisukuma chini ya mlango wa mwenyekiti usiku. Mwenyewe sikurudi. Jirani yangu, bibi mmoja Mwislamu ambaye hakosi swala hata akiwa na homa, akaniuliza siku moja, “Mwenzangu, mbona siku hizi Jumapili unafua?” Nikamjibu nina kazi nyingi. Hakusema neno, akanisaidia kuanika.

Biblia niliifungua nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Ni Biblia ya marehemu baba, ya Union, tafsiri ile iliyotoka mwaka 1952, na nyumbani kwetu karatasi zote za maana huhifadhiwa ndani yake. Cheti kilikuwa mwisho wa Yohana. Macho yakaangukia hapa: “Wanangu, mna kitoweo?”

Nikakaa kitako.

Msomaji wa bara labda atapita tu. Lakini hilo ndilo swali la ufukweni kwetu, nalisikia kila siku. Chombo kikiingia, wazee na watoto huenda kusaidia kukivuta, na mshahara wao ni kitoweo: samaki wawili watatu wa kwenda kulia ugali. Anayeuliza “mna kitoweo?” ni mtu ambaye kwake sufuria lipo jikoni ila hakuna cha kutowelea. Ni swali la mnyonge. Na anayeuliza hapa ni Bwana aliyefufuka, amesimama mchangani alfajiri, akiwauliza wanafunzi wake waliokesha wakivua wasipate kitu.

Sura ile niliisoma karibu wiki tatu, kila usiku baada ya kuosha karai. Sikuwa na mtu wa kunieleza, na nadhani ilikuwa heri, maana ningeelezwa haraka mno. Siku ya nne au ya tano ndipo nikaona jambo lililonishangaza: waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Kumbe kitoweo alikuwa nacho! Aliwaomba asichopungukiwa, kisha akawaambia walete na wa kwao. Wavu waliotupa tena kwa neno lake ulikuwa na samaki 153, wakubwa. Hakuwahitaji, lakini aliwataka chakulani.

Kisha ule moto. Kazi yangu ni makaa, mniamini ninaposema moshi wake hauishi nguoni kwa kufua mara moja. Nilikuwa nakumbuka moto mwingine, nikageuza kurasa nyuma hadi sura ya 18. Naam: “moto wa makaa, maana kulikuwa na baridi”. Ni pale katika ua wa kuhani mkuu, usiku Yesu alipokamatwa, Petro akikota moto na watumishi, akiulizwa kama ni mwanafunzi wake, akijibu, “Si mimi.” Maneno yangu yenyewe. Sasa, katika sura ya 21, huyo Petro amejitupa baharini kumfuata Bwana, ametoka maji yakimchuruzika, na anachokutana nacho ni harufu ileile. Mchungaji aliniambia baadaye kwamba katika Kigiriki neno hilo la moto wa makaa limo mahali hapo pawili tu katika Agano Jipya lote. Nilifurahi kulisikia, ingawa moshi ulikuwa umeshaniambia.

Nilidhani najua kinachofuata. Mimi ningekuwa mwenye moto ule, ningeuliza kwanza: ulinikana, hukunikana? Hivyo ndivyo nilivyotazamia kuulizwa nikirudi, nimesimama, kila mtu ananitazama. Lakini Yesu alisema, “Njoni mfungue kinywa.” Akatwaa mkate akawapa, na samaki vivyo hivyo. Ndipo Yohana anaandika, “Basi walipokwisha kula”, na hapo tu ndipo maswali yanapoanza.

Nilisoma hapo nikalia hadi mwanangu akaamka.

Wapo wanaohubiri kwamba Mungu akisamehe haulizi kitu. Mimi siamini hivyo, na sura hii haisemi hivyo. Aliuliza mara tatu, na mara ya tatu Petro alihuzunika. Kosa halikufichwa chini ya mkeka. Ila Petro aliulizwa akiwa ameshiba, nguo zimeanza kukauka, amekaa kati ya wenzake. Na swali halikuwa “kwa nini?” Lilikuwa “wanipenda?” Hilo naweza kulijibu. La “kwa nini” nilikuwa nimelijibu peke yangu miaka minne, na kila jibu lilikuwa na uongo kidogo ndani yake.

Alhamisi moja nikaenda jumuiyani. Nilisema mbele ya wote: ni mimi niliyechukua, ni mimi niliyerudisha, na nilisema uongo. Mjane yule alikuwapo. Alinyamaza, akatoka nje kidogo, akarudi. Mzee mmoja hadi leo hapokei salamu yangu vizuri, na simlaumu, jeneza lile yeye ndiye aliyehangaika kuliongezea fedha. Niliomba nisipewe tena ufunguo, wakakubali bila kubishana.

Sasa nasoma alfajiri kabla ya kwenda mnadani, kidogokidogo, nimefika Matendo sura ya 10. Alhamisi ijayo zamu ya jumuiya ni kwangu. Yule mjane ametuma salamu atakuja mapema anisaidie kuparua samaki, nami nimeshamwambia aje kabla jua halijawa kali, tufungue kinywa kwanza.

Msomaji, Tanga